Kisu cha Ba na Chane ya Ndizi

Mimi, kitu cha kunishangaza bado hakijazaliwa. Shule niliiacha na miaka kumi na tano, nikabeba maboksi, nikauza betri na soksi sokoni, na leo nina maduka matatu Kenton na nyumba Stanmore yenye choo juu na choo chini. Lakini nyie wenzangu mliofika London wadogo, mkavishwa koti la mtu mwingine mikono inafika magotini, mnajua enzi zetu tulivyoshangazwa na vitu vidogo.

Sisi tulitoka Tanga, Wahindi wa huko. Tulipanga vyumba viwili Kenton, watoto wanne kitanda kimoja, na hita ya gesi inayokula sarafu kuliko sisi tulivyokula mkate. Bapuji, baba yangu, alifanya kazi ghalani huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Ba, mama yangu, alikaa ndani na shali tatu mwilini. Sanduku lake hakulifungua. Lilisimama nyuma ya mlango majira yote ya baridi, na kila akikasirika anasema, "Mimi narudi kwetu. Anayenipenda anifuate." Bapuji alicheka, lakini tulimwona anavyolitazama lile sanduku. Sisi watoto tulibishana kitandani nani ataondoka na mama na nani atabaki na baba.

Watoto wa leo ukiwaambia Jumapili tutoke, wanauliza kwanza kama huko wifi inashika. Sisi Jumapili ilikuwa kama sikukuu ya Diwali. Chapati za uwatu, achari ya embe, muhogo wa kukaanga, chumvi na pilipili kwenye karatasi, ndimu, na kisu cha Ba kimeviringishwa kitambaani, maana bila kisu cha ndimu Ba hatoki. Jumapili moja Bapuji alitupeleka kwenye bustani moja kubwa yenye nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Kiingilio peni moja.

Ndani mlikuwa na joto! Maji yanadondoka shingoni, udongo unanuka kama Tanga mvua ikikatika. Ba akavua shali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawa anagusa majani na kuyaita kama watu anaowajua: mpapai huyu, mdalasini huyu, mchaichai. Alipofika kwenye mgomba akasimama. Tulipogeuka, kisu kilikuwa nje na chane nzima ya ndizi iko mkononi.

"Mama watoto, unafanya nini?" Bapuji alinong'ona.

"Imekomaa. Wakiiacha itaozea hapo hapo. Hawa watu ndizi hawaijui."

Mlinzi akaja, mzee wa masharubu, uso mwekundu. Mkalimani nikawa mimi, na Kiingereza changu cha miezi michache.

"Ba, anasema hizi si za kula."

"Muulize, ndizi isiyoliwa ni ya kazi gani?"

Nikamuuliza. Yule mzee akatazama mgomba, akatazama shali tatu mkononi mwa mama, akasema tuzifunike kapuni na tuondoke kabla mkubwa wake hajapita. Kwenye basi Ba alicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu Tanga. Jioni akataka kuzipika kwa nazi. Sufuria lake kubwa lilikuwa ndani ya sanduku. Akalifungua, na halikufungwa tena.

Mwaka juzi Bapuji alifariki. Ba akarudi kwenye shali zake, sasa ndani ya nyumba yangu yenye joto kila chumba. Chakula anasukuma sahani: "Nimeshiba." Daktari haoni ugonjwa. Nikasema pesa ninazo, nitampeleka kwenye joto. Nikamchukua yeye, na kiti chake cha magurudumu, na wanangu wawili mpaka mji mmoja mdogo wa Malaysia unaosifiwa kwa matembezi ya familia. Na sifa ni za kweli. Maporomoko ya maji, nendeni asubuhi kabla mabasi hayajafika. Chemchemi ya moto watoto wanachemshia mayai. Boti ziwani, bustani ya vipepeo wanaokutulia begani. Ba aliangalia vyote, akasema "Pazuri," akasukuma sahani.

Siku ya tatu tukaenda shamba la matunda. Mwongoza wageni anatueleza habari za shokishoki na fenesi, mimi nikageuka: kiti cha magurudumu kitupu. Ba yuko chini ya mgomba, na kisu cha hoteli, na chane.

"Imekomaa," akaniambia.

Nilishangaa, basi. Akaja kijana na redio ya mkononi, nyuma yake kibao cha marufuku na kamera juu ya mti. Wanangu wakajifanya hawatujui.

"Muulize," Ba akasema, tayari anacheka, "ndizi isiyoliwa ni ya kazi gani?"

Nikamuuliza. Yeye hakufikiri, akaandika risiti ya faini. Zamani mlinzi alikuwa na jicho la kufumba. Kamera haina kope. Lakini ndizi alituachia, nikampa mpishi wa hoteli azipike kwa nazi, na Ba akamaliza sahani mbili huku akimkosoa mpishi kwa nazi yake. Faini, kisu cha hoteli kilichochukuliwa, na mpishi, jumla ringiti za Malaysia mia tatu arobaini na tano.