Picha ya Mama Ilivyofunikwa Leso Kisauni

Nilikwenda Kisauni kuomba picha yangu iteremshwe ukutani. Nyumbani walijua nakwenda kupokea zawadi ya mshindi wa tatu na kuonana na washindi wenzangu, na hayo nayo yalikuwemo. Lakini la kuiteremsha picha sikumwambia mtu.

Shindano liliandaliwa na kikundi cha vijana wa huko, na mada ilikuwa mikono ya nyumbani. Nilipeleka picha ya Mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, niliyompiga kwa simu wiki aliyoondoka kwenda kufanya kazi za nyumbani Arabuni. Miaka mitatu sasa. Nilipoichagua niliangalia mikono tu, na ile nazi inavyoangukia kwenye sinia. Baada ya kushinda ndipo nilipoona kichwa. Kilikuwa wazi, nywele zimetoka kupakwa mafuta, misuko miwili imelala mabegani. Huyo ni Mama ambaye hatoki hata uani kuanua nguo bila mtandio. Na sikumwomba ruhusa.

Saa mbili asubuhi niliondoka Mtongwe. Nilikuwa nimewaandikia waandaaji ujumbe mara nne na kuufuta mara nne. Kwa Mama sikuandika kabisa. Kwenye feri ya Likoni nilisimama ubavuni nikiwaza: majaji ni watatu, wawili wanaume, hao washaiona. Dhambi ni yao, ni yangu, au ni ya Mama asiyejua lolote? Nina shahada ya chuo kikuu, na feri ilifika ng'ambo kabla sijapata jibu.

Saa nne nilivuka daraja la Nyali. Ng'ambo yake ni Mkomani, ndiko Mama alikokuwa akipika kwa watu kabla hajaenda mbali zaidi. Nilipokuwa mdogo nilimngoja kizingitini kila jioni, aniletee kipande cha keki ndani ya karatasi. Nilikiona kituo alichokuwa akishukia, nikageuza uso upande wa pili.

Ukumbini Kisauni nilipokelewa na Bi Zuhura, mama wa makamo anayeutunza ukumbi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiwe wa nazi? Karibu. Watu wameisifu picha yako tangu asubuhi."

Hilo neno "watu" lilinichoma.

Washindi wenzangu walikuwa wamekaa mbele ya ukuta wa picha wanakunywa chai. Kadzo wa Kisauni, mshindi wa kwanza, alimpiga picha shangazi yake akishona makuti. Otieno wa Changamwe, wa pili, alimpiga baba yake akifunga kamba za buti kabla ya kwenda bandarini.

"Siste, umekuja!" Otieno alisema. "Tulidhani unaringa."

Niliwaeleza yote kwa pumzi moja. Otieno aliinua macho kuitazama picha, akashtuka, akainamia viatu vyake. "Aii, pole. Nimeiangalia asubuhi yote."

"Mama mwenyewe asemaje?" Kadzo aliuliza.

"Hajui."

"Hajui? Dada, wahangaika na majaji, na mwenye kichwa hajui?"

Nilitoka nje nikarekodi sauti, nikamweleza Mama kila kitu, nikaituma kabla mkono haujaifuta. Mwajiri wake humruhusu simu baada ya alasiri tu. Kisha nikarudi ndani kumwomba Bi Zuhura tuiteremshe.

"Haiteremki," alisema. "Wataka watu waulize kama kweli umeshinda? Ngoja." Akavua leso aliyojitanda juu ya mtandio wake, akaitundika juu ya fremu. "Wanawake wataifunua waangalie. Wanaume wapite na njia yao."

Nilitarajia kuchekwa. Badala yake ikapangwa foleni. Mwanamke mmoja mmoja aliingiza kichwa chini ya leso, akakaa humo. Mmoja alitoka anafuta macho, akaniambia bintiye naye yuko Arabuni, na akanishika mkono asiuachie.

"Mimi ni namba mbili," Otieno alilalamika, "na hakuna hata mtu mmoja anaona buti za mzee wangu. Bi Zuhura, nifunikie na yangu!"

"Yako ukiifunika itasahaulika kabisa," Bi Zuhura akamjibu, na ukumbi mzima ukacheka, na mimi pia.

Baada ya alasiri nilikuwa kwenye feri ya kurudi Likoni sauti ya Mama ilipoingia. Niliibana simu sikioni.

"Ungeniuliza, mwanangu. Kichwa changu si cha ukutani. Haya, leso imesitiri, mwambie huyo bibi ahsante. Usirudie." Nikasikia maji yanatiririka kwenye sinki ya watu. "Sasa nitumie na mimi. Huku najiona kwenye vioo vyao tu. Nikiwa kwangu, sijajiona miaka mitatu."

Nikaituma pale pale. Miaka yote hiyo nilikuwa simtumii chochote cha nyumbani, nikiogopa kumtia huzuni. Nilijiamulia peke yangu kwamba hangeweza kustahimili, kama nilivyojiamulia kumtundika ukutani. Mara zote mbili nilikosa kumwuliza.

Nilipofika Mtongwe niliuliza kwanza. "Mama, nikupigie picha za jiko, na ua, na kitanda chako?"

"Piga," alijibu. "Piga pole pole, usiruke kitu."