Maneno Aliyonipa Mama Nashipai

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya gulio pale Sindeni, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa chini kila mahali. Nilikuwa mwalimu kijana wa chuo kikuu, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge ya Korogwe, nimekuja na madaftari yangu kuandika utafiti juu ya haki za wanawake. Nilijiona najua kila kitu. Usicheke, nakuona na wewe unavyotembea na hiyo shahada yako.

Mama Nashipai, mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa gulioni, alinizoea. Akanieleza jambo ambalo hata kwa dada yake hakulisema. Binti yake, Nashipai, alikuwa ameposwa, na mama alipanga kuja naye gulio lijalo, wakiswaga punda kama kawaida, kisha ampandishe basi la Korogwe akasome.

Siku mbili baadaye niliitisha mkutano wa akina mama. Wengi walikuwa Wazigua, wakulima, na wanaume wachache walisimama nyuma wakisikiliza. Nikataka kuwatia moyo. Nikasema yupo mama mfugaji, muuza maziwa, jina silitaji, atakayemtorosha bintiye siku ya gulio asiozwe. Nikapigiwa makofi. Sasa niambie, wauza maziwa wenye binti aliyeposwa walikuwa wangapi pale? Nilificha jina tu, mjinga mimi.

Gulio lililofuata Mama Nashipai alikuja peke yake. Nashipai alikuwa ameshapelekwa kwa mume, mbali huko nyikani.

“Shikamoo mama,” nikasema.

Alimaliza kumpimia mteja maziwa, ndipo akaniangalia.

“Mwalimu, nilikupa maneno uyaweke. Wewe umeyafundishia watu.”

“Nisamehe, mama.”

“Nikikusamehe, mtoto atarudi?”

Hakurudi. Baadaye nikaitwa profesa, nikaandika kwamba mwanamke wa shambani na wa boma la wafugaji hawaonewi kwa namna moja, wala hawajitetei kwa namna moja. Watu wanasifu. Mimi kila nikisifiwa naumia, maana najua nilijifunzia kwa nani.

Kesho unaingia darasani mara ya kwanza. Mwanafunzi akikufungulia moyo, usimgeuze mfano. Muulize anataka maneno yake yafike wapi, na akitaka yaishie kwako, yaishie kwako, hata kitabu chako kikose sura nzima. Mungu akujalie kifua, mwanangu, na asiwepo mama atakayejuta kukuamini.