Mota Iliyokufa Ikaendelea Kuvuta

Mnanisumbua na habari za Josepha kana kwamba sina maharage ya kuchambua. Haya, kaeni. Nasimulia mara moja tu, na asinikatishe mtu.

Mwaka ule magugumaji yaliziba ufukwe wa Pasiansi mpaka mitumbwi ikashindwa kupita. Yakamfunika Florian, mtoto pekee wa Josepha, aliyezama akikwamua nyavu. Wazee wa ukoo wakaamua wazike mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi yao maiti isipopatikana. Josepha akakataa katakata. Nani azike mgomba na mwanawe yumo ziwani?

Akamfuata Mayala, fundi wa mota. Mayala akaunda kimtumbwi cha mbao chenye pangaboi, kiburute kamba ya ndoano chini ya magugu, na ncha nyingine ishikwe ufukoni.

"Ma Josepha, mota hii ni ya feni ya lori, inakula umeme. Betri ni ya pikipiki, maana kubwa itakizamisha. Na kisanduku cha kupitishia mota umeme nimekitoa kwenye kigari cha kuchezea cha mtumba. Hivi vitatu havijuani."

"Basi vijuane leo."

"Nyie Wahaya!"

"Washa, Msukuma."

Walikijaribu kwenye pipa la maji. Pangaboi likazunguka vizuri, kisanduku hakikupata hata joto, wakaridhika. Lakini pipa halina mizizi. Kule kwenye magugu pangaboi lilishikwa, mota ikakazana, ikadai umeme mwingi kuliko kisanduku kilivyoweza kupitisha. Moshi ukafuka. Kimya.

Ulikuwa mchana kweupe, lakini ndege wote walinyamaza. Kisha kamba ikaanza kutembea mikononi mwa Josepha, taratibu, kuelekea ziwani, na upepo ulikuwa unavuma kuja nchi kavu.

"Mota imekufa, mama! Achia!" Mayala alikuwa ameshaachia zamani, yuko nyuma kwenye mawe.

"Nimwachie nani?"

Akajifunga kamba kiunoni. Ikamvuta mpaka maji ya kifua. Hapo ikalegea, na magugu yakajigawa mbele yake bila mtu kuyagusa. Josepha akavuta. Ndoano ilikuwa imeshika ukosi wa shati alilomshonea mwenyewe.

Kimtumbwi kilibaki kulekule kilikozimika. Kamba haikuwa imefungwa kwacho tena.

"Fundo lile nililikaza mimi," Mayala alinong'ona. "Kwa mikono yangu."

 Josepha alikuwa anamtoa mwanawe majani machoni.

Akazikwa Florian, siyo mgomba. Mmesikia. Sasa inukeni, chukueni majembe, mkalipalilie kaburi lake. Magoti ya Josepha yamekwisha, na mimi siombi mara mbili.