Papa Wenye Vitovu Vibichi

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Uvuvi aliyekuwa mkubwa wetu pale Kamere alinitoa ofisini kabla sijakalia kiti. Tulivuka Ziwa Naivasha kwa boti hadi Mto Malewa unapoingilia. Akanionyesha visamaki vya perege kwenye maji ya matope. "Hapa ndio wanakulia," akasema. "Ukiharibu hapa, huko katikati watu watavua maji."

Miaka mingi baadaye nikahamishiwa Pwani kuwa msimamizi wa kituo cha uvuvi kwenye mlango wa mto, pale maji baridi na ya chumvi yanapochanganyika. Wavuvi waliniita Mama Samaki. Walivuta juya, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni, na mara nyingi lilikuja na papa wa urefu wa mkono wangu. Niliwapima, nikaandika kwenye rejista: aina ya papa wafupi, wamekomaa. Nikaruhusu juya liendelee, misimu miwili.

Asubuhi moja Mzee Kombo, nahodha wa juya, alimgeuza mmoja tumbo juu.

"Mama Samaki, waona nini hapa?"

Kati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kidonda kidogo kibichi.

"Ameumwa na nini?"

"Hajaumwa. Hicho ni kitovu. Huyu kazaliwa juzi."

Nilikaa mchangani. Mimi nilidhani papa wote hutaga mayai. Kumbe wengi huzaa, na mama huwaleta watoto kwenye maji ya tope ili papa wakubwa wasiwale. Nikamgeuza wa pili, wa tatu. Ndoo nzima ilikuwa vichanga. Nikaiweka rula chini.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Wewe ndiwe mwenye kitabu. Nilidhani wajua."

Nilimpigia simu mkuu wa kanda nikamweleza. "Funga hapo kwanza," akasema. "Kulaumiana baadaye."

Tukafunga mlango ule kila msimu wa kuzaa. Mzee Kombo alikubali kuvulia mbali. Wenzake wawili hawakunisalimia tena hadi nilipoondoka.

Nilistaafu mwaka jana. Naishi mtaa wa Free Area, mbali na bahari. Maafisa vijana huja kuniuliza kazi inafanywaje. Huwa nawatuma kituoni kule Pwani wakaisome rejista ile. Nililikata neno "wamekomaa" kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari, nikaandika juu yake "watoto". Sikung'oa ukurasa hata mmoja.