Kilomita Mia na Ishirini hadi Lodwar

Mwaka 2012 nilitoka kwetu Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, nikaenda kufundisha hesabu katika shule moja ya msingi ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na alama nzuri ya hesabu, basi. Nilipewa darasa la saba lililojaa hadi wengine wakakaa chini, na mwaka uliofuata nikapanda nao hadi la nane.

Karibu na mlango alikaa msichana kutoka Sudan Kusini ambaye umri wetu ulikaribiana. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike. Shangazi yake alimleta mtoto wakati wa mapumziko, na kengele ikilia kabla hajashiba, mama alimalizia kumnyonyesha akiwa amesimama nje ya dirisha, macho ubaoni.

Tulipofika kwenye umbali, muda na kasi ya wastani, darasa zima lilikwama. Niliandika hivi: gari lilienda kilomita sitini kwa saa moja, likasimama saa moja, kisha likaenda sitini nyingine kwa saa moja. Kasi yake ya wastani ni ngapi? Wakajibu kwa pamoja, "Sitini!" Yeye akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo saa ya kusimama inaenda wapi?"

"Inahesabiwa. Chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote."

"Hata kama watu walikaa tu?"

"Hata kama walikaa tu."

Akafikiri kidogo. "Basi ni arobaini." Akacheka, kisha akawageukia wenzake na kuwaeleza kwa Kiarabu cha Juba, haraka haraka, mpaka nikaona vichwa vinaitikia. Toka siku hiyo, aliyeshindwa na hesabu hizo alimwendea yeye kwanza.

Mvua za 2013 zilikuwa kubwa. Katikati yake mtoto akashikwa na homa, akaanza kupumua kwa shida, na hospitali ya kambi ikasema apelekwe Lodwar. Niliambiwa asubuhi, nikiwa darasani, kwamba ambulensi imeshaondoka.

Msichana alirudi wiki iliyofuata, peke yake. Mtoto alikuwa amefia njiani. Kwa sababu ya joto hawakuweza kumrudisha Kakuma, wakamzika Lodwar, yeye, muuguzi na watu wawili asiowajua.

Nilimwambia pole. Akaitikia, akakaa mahali pake. Wenzake walipotoka jioni yeye hakutoka. Alikuja mbele, akachukua chaki.

"Mwalimu, angalia kama nakosea."

Aliandika polepole. Walitoka Kakuma saa mbili asubuhi. Kilomita themanini walizimaliza saa nne, wakakuta laga, ule mto wa mchanga ambao huwa mkavu karibu mwaka mzima, umejaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Wakasubiri. Maji yalipungua saa tisa, wakavuka, wakaingia Lodwar saa kumi. Chini yake aliandika jibu: kilomita kumi na tano kwa saa.

"Ni sawa?"

"Ni sawa."

Akachora mstari, akaanza upya bila mto. Kilomita mia na ishirini, kwa arobaini kila saa. Alipopata saa tatu hakuniuliza. Alihesabu kwa vidole kuanzia saa mbili, akaishia saa tano.

"Yeye aliacha kupumua saa saba," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba hata hospitalini watoto hufa, na ni kweli hufa, lakini nikazipitia tena namba zake ubaoni.

"Hiyo pia ni sawa, mwalimu?"

"Ni sawa."

Ndipo akalia. Nilimshika mabega, tukakaa sakafuni, vumbi la chaki mikononi mwetu wote wawili.

Likizo ya Agosti aliniomba nimpeleke kaburini, maana mji ule hakuujua. Tulifika mahali pa makaburi jua likiwa kali. Mvua zilikuwa zimeshuka tena baada ya mazishi, na mchanga wote ulikuwa umesombwa ukalala tambarare. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya kuni alitusalimu, "Ejok," tukamuuliza makaburi ya watoto yako upande gani. Alituonyesha kwa kidevu.

"Yalikuwa hapo, karibu na ule mti wa mswaki. Maji yalichukua alama zote."

Tulikuta vituta vidogo vitatu vilivyobaki, vinafanana. Alisimama mbele ya kimoja, akahamia kingine, akarudi. Alipiga magoti akagusa udongo wa kila kimoja, kana kwamba kimojawapo kingekuwa na joto zaidi.

"Sijui ni kipi," akaniambia.

Tukaanza kuokota mawe. Tulizungushia vyote vitatu, na mawe yalipoisha karibu nasi tukaenda kuyatafuta mbali zaidi.