Hakuna Kitu Kilitoka, Nilianguka Tu

Kaka yangu anapenda karate sababu ya kupiga kelele. Anasema ukipiga ngumi bila sauti ni kama umemusalimia mutu. Rafiki yake anacheza boksi pale Katindo, na yeye anapenda kuonekana: anatembea na glavu shingoni hata akitumwa mukate. Mimi sipendi kelele na sipendi kuonekana. Darasani, mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, ninajibu kwa sauti ndogo mpaka jirani wangu wa benchi anairudia ili ifike mbele. Kwa hiyo nilipochagua judo, nyumbani walicheka.

"Unaenda kule ili wakuangushe?" kaka aliniuliza. "Si ubaki tu hapa, nitakuangusha mimi."

Acheke. Judo haingoji mutu aseme kitu. Unainama, mwenzako anainama, kisha unamushika kola na mukono wa kimono, ile nguo ya judo, na kuanzia hapo vidole vinaongea. Mimi nisiyeweza kumuangalia mutu machoni, nikishika kitambaa chake tu ninajua kama anaogopa, kama anataka kwenda kushoto, kama amechoka na anaficha. Shuleni sijawahi kumujua mutu haraka hivyo.

Na tena kuna kuanguka. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kwetu watoto wanakatazwa kuanguka tangu wanapoanza kutembea, maana chini ni mawe ya volkano, na kila mutu ana alama yake kwenye goti. Kule klabu tumemwaga vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, juu yake tumekaza bashi, turubai kubwa ya plastiki, na mwalimu anatufundisha kuanguka kabla ya kutufundisha kuangusha. Kidevu kwenye kifua, mugongo wa mviringo, na mukono unapiga chini, paa, ili kichwa kisipate kitu. Siku ya kwanza niliposikia ile paa ikitoka kwenye mukono wangu, nilicheka peke yangu. Sikujua kama ninaweza kutoa sauti kubwa hivyo mbele ya watu.

Shida ilikuwa kuinama. Mama mumoja wa kikundi cha maombi alipita karibu na klabu, akatuona kwenye mustari, vichwa chini. Akaenda kumwambia mama yangu kwamba tunaabudu miungu ya watu wa mbali. Mama alichukua kimono changu, akakifungia kwenye sanduku lake.

"Siku ya Mungu, ibada ikiisha, watakuombea," alisema. "Kisha tutaona kama kuna kurudi kule."

"Mama, tunasalimiana tu."

"Kusalimiana ni mukono. Kuinama ni kwa Mungu."

Nilienda. Sikuamini kwamba nina pepo. Mimi pia ninasali, na ninajua ninamusali nani. Nilienda kwa sababu kimono kilikuwa sandukuni.

Katika kile chumba cha maombi, papa, yule baba anayeongoza maombi, anaweka kiganja kwenye paji la uso lako, anaomba, anasukuma kidogo, na wewe unaanguka taratibu kwenye mikono ya wamama wawili waliosimama nyuma. Ni kawaida. Lakini siku ile wamama wale walikuwa wamefunga macho kabisa. Papa alisukuma, nikarudi nyuma, kisigino kikanasa kwenye ukingo wa mukeka, na hapakuwa na mutu wa kunipokea. Mwili haukuniuliza. Kidevu kwenye kifua, mugongo wa mviringo, mukono kwenye simenti: paa.

Wamama wale walifungua macho.

"Imetoka," papa alisema. "Mumesikia wenyewe. Imetoka na kishindo."

Wakaanza kupiga makofi na kuimba. Mama yangu alikuwa analia kwa furaha. Yule mama aliyetuchongea alimwinamia sikioni, lakini nilisikia: "Leo hii tunaichoma ile nguo." Kisha wakaniletea mikro, kile kipaza sauti, nitoe ushuhuda.

Kunyamaza ninajua, ni kazi yangu ya kila siku. Kama ningenyamaza, mama angefurahi, kimono kingekuwa majivu, na watu wote wangerudi nyumbani wameridhika. Nilishika mikro kama ninavyoshika kola, vidole vya mwisho vikikaza kwanza.

"Hakuna kitu kilitoka," nilisema, na sauti ikafika mpaka barabarani. "Nilianguka tu. Muguu ulinasa kwenye mukeka. Kile kishindo ni mukono wangu. Ndivyo tunajifunza kule judo, ili mutu asipasuke kichwa."

"Mutoto wangu," papa alisema kwa upole, "usimutetee adui."

"Simutetei mutu, papa. Mukitaka nitaanguka tena. Itafanya sauti ile ile."

Nyuma mutu alicheka, akajifanya anakohoa. Nilirudisha mikro. Sikuomba musamaha, na hata leo siombi.

Njiani mama alitangulia. Nyumbani alinikalisha kwenye kiti kidogo, akaingiza vidole kwenye nywele zangu, akatafuta uvimbe.

"Kwenye simenti hivi, na kichwa hakikugusa?"

"Hakikugusa, mama."

Vidole vilirudia tena pahali pale pale.

"Kule munainamia nani?"

"Yule tunashikana naye. Anayeenda kuniangusha ananiinamia kwanza. Akimaliza, ananiinamia tena."

"Hata akiwa mutoto wa nani?"

"Hata akiwa mutoto wa nani."

Alitoa vidole kichwani mwangu. "Uliniaibisha leo."

"Najua, mama."

Hakusema nirudi, hakusema nisirudi. Aliacha ufunguo juu ya sanduku, akaenda kuangalia sufuria.

Kimono kilikuwa safi, lakini nilikifua. Sikukianika nyuma ya nyumba kama zamani. Nilikianika mbele, upande wa barabara, mikono yake imefunguliwa, pahali wamama wanapopita wakienda kwenye maombi. Yule mama alipita jioni ile, akapunguza mwendo, akaangalia kimono, kisha akaniangalia mimi niliyesimama mulangoni.

Nilimuinamia vizuri, taratibu, kama tunavyofanya kwenye bashi. Alisimama pale, hakujua afanye nini na kichwa chake.