Kibandiko cha Jasho

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, mume wangu alianguka shambani kwetu Chiwata kwa sababu ya joto. Tangu siku ile sikuwa na raha. Kwa hiyo msimu uliofuata, walipokuja vijana wawili wa utafiti wa afya wakitafuta wakulima wa kupimwa jasho, nilimtaja yeye kabla hajafungua mdomo.

"Jasho mnalipima nini?" akawauliza.

"Chumvi, baba," akajibu yule wa kike. "Tunataka kujua jua linakupunguzia kiasi gani."

Akatuonyesha kibandiko cheupe, kama plasta ya kidonda. Kinabandikwa mkononi asubuhi, kinanyonya jasho kutwa, jioni wanakipima kwa kimashine.

Mume wangu akakubali kwa sharti moja. "Mama watoto naye abandikwe. Sitaki kuchekwa peke yangu."

Siku hiyo tuliokota korosho na kuzitenga na mabibo mpaka migongo ikauma. Kila nikiinua macho namwona anakigusa kibandiko chake taratibu, asije akakibandua.

Jioni binti akapima, akarudia. Cha mume wangu hakikuwa na neno. Akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye unayepoteza maji na chumvi nyingi. Shambani unakunywa nini?"

Nikasema huwa nakunywa nikirudi nyumbani. Maji kwetu yanatoka mbali. Tunakwenda na kidumu kimoja, na tangu aanguke nilikuwa namwachia yeye.

Mume wangu akanitazama. "Kila nikikuuliza unasema umeshakunywa."

"Ulianguka," nikamwambia.

Hakugomba. Kesho yake alifunga vidumu viwili kwenye baiskeli, kimoja amekitia chumvi na sukari kama alivyoelekezwa na yule binti. Jua lilipopanda akanifuata nilipokuwa nimeinama, akajaza kikombe.

"Kunywa."

"Tangulia wewe."

"Leo nakuangalia."

Nikanywa chote, akajaza tena. Chumvi ilizidi, maana mume wangu hajawahi kupika hata uji, lakini nilikunywa hivyo hivyo. Jioni binti akatupima tena, kipimo changu kikawa afadhali sana, naye akawatangazia majirani wote kwamba dawa ameikoroga yeye mwenyewe.